Mkunjo

Saa tatu asubuhi, na Kuopio bado ni usiku.
Ziwa limeganda unene wa mkono mpaka kiwiko.
Navua buti, navaa koti jeupe,
nafungua kiatamio: nyuzi thelathini na saba,
joto pekee la haki mtaa mzima.

Ndani ya visahani, neva zangu
zimetoa mikia kama mizizi ya kitunguu glasini.
Tumezipa jeni la kimulimuli,
lile liwashalo tumbo la mdudu gizani,
ila tumeliharibu kidogo, makusudi:
protini yake huzaliwa legelege,
haijikunji bila kushikwa mkono.
Mgongoni tumeifunga taa ya kijani
isiyojali imekunjwa au imekunjamana.
Kijani husema: nipo.
Njano husema: niko sawa.
Kati ya nipo na niko sawa
ndipo ninapolipwa mshahara.

Mama yangu, Hilja, alikunja mashuka ya hospitali
miaka thelathini na mmoja, chumba cha chini, mvuke mpaka darini.
Pembe kwa pembe, piga kofi, geuza.
Lenye doa, kapu la kushoto.
Lililochanika, kapu la kulia, likawe matambara.
Hakuna mgonjwa aliyelalia kosa langu, alisema.
Nilipofundishwa chuoni kwamba seli nayo ina wakunjaji,
wanaoidaka protini ingali mbichi,
na wasagaji wa ile iliyoshindikana,
sikuandika kitu daftarini.
Nilisikia harufu ya sabuni.

Leo nimezichoma: nyuzi arobaini na tatu, dakika ishirini.
Hapo wakunjaji wote huitwa kwingine
na mgeni wetu huachwa mlangoni.
Njano ikashuka.
Kijani ikabaki, lakini si kwa utulivu,
ikajikusanya punje punje
kama maziwa yanayokatika.
Kisha kipimo chenyewe, yaani kungoja:
njano itarudi baada ya muda gani?
Seli za ngozi, saa nne.
Za neva, saa tisa, wala si yote.
Ngozi ikielemewa hujigawa, na taka zake zikagawanyika.
Neva haigawi.
Ilicho nacho itakufa nacho.

Aatos, anayehesabu punje kwa kompyuta,
akauliza nililokuwa nikilikwepa tangu Oktoba:
"Huyu legelege tuliyemwingiza,
si naye anawala wakunjaji muda?
Tunapima uchovu, au tunauongeza?"
Vyote viwili, nikasema. Ndiyo maana dozi ni ndogo.
Ndiyo maana kuna sahani isiyo na mgeni, tukatoa tofauti.
Nikasema kama mtu aliyejibu.

Jumanne hiyo hiyo nilimpeleka mama kliniki.
Chora saa. Taja wanyama.
Toka mia, urudi nyuma saba saba.
Tisini na tatu. Themanini na sita.
Sabini na tisa. Sabini na mbili.
Zote sahihi. Halafu akainua macho,
akagundua anapimwa,
na nikaiona, naapa, ikishuka.
Garini akasema, "Umenichosha."
Hakusema wamenichosha.

Jioni shuka likatoka mashineni, lina uvuguvugu.
Akashika ncha mbili, nikashika mbili.
Sikumuuliza leo ni siku gani.
Mikono yake ilijua: pembe kwa pembe, kofi.
Kabla ya kugeuza, akasimama.
Nje, trekta la theluji likapita, likakata kona, likaisha.
Nilihesabu. Siwezi kutohesabu.
Sekunde kumi na moja.
Kisha akageuza, upande usio wenyewe,
na tukamaliza vivyo hivyo, ukingo mmoja ukitokeza
upana wa vidole vitatu.

Hakuna sahani niliyoweka kando
kujua angekuwaje nisingemtazama.

Sikulikunja upya.
Nimelitandika kitandani kwangu,
na mstari wake uliopinda
unapita chini ya ubavu wangu sasa hivi.